Maji ya Kijani katika Tangi la Mimea: Kwa Nini Kuyabadilisha Kila Siku Hakujasaidia

Msomaji mmoja wa Fuoni, Unguja, ameniuliza hivi: "Assalaam alaykum. Nina tangi la kioo la lita 120 nililolipanda mimea, na chini ya mchanga niliweka udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Miezi miwili ya mwanzo maji yalikuwa maangavu kabisa. Baadaye niling'oa mimea ya nyuma nikaipanga upya, na haikupita wiki maji yakageuka kijani. Sasa hata kioo cha nyuma sikioni. Kila asubuhi natoa theluthi ya maji na kutia mengine ya kisima, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Samaki wangu ni gapi, na alfajiri nawakuta wote juu wakihema. Jirani ananishauri nitie mrututu, na mama mkwe anasema nitumie shabu kama tunavyosafishia maji ya kunywa. Tangi liko mbele ya dirisha la mashariki, na taa naiwasha tangu asubuhi hadi wakati wa kulala. Nifanye nini, na lini nitaweza kuongeza samaki?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako kwa makini, na naomba uniwie radhi nikianza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni samaki kukaa juu wakihema alfajiri. Rangi ya maji inaweza kusubiri wiki moja au mbili bila ya madhara makubwa, lakini uhaba wa pumzi unaweza kukuondolea samaki wote kwa usiku mmoja.

Kinachotokea ni hiki. Mwani uliojaa katika maji yako, yaani vimea vidogo mno vinavyoyapa rangi hiyo ya kijani, hufanya kazi ile ile ifanywayo na mmea mwengine wowote: wakati wa mwanga hutoa oksijeni, na kiza kinapoingia huacha kuitoa na kubaki kuitumia tu, pamoja na samaki, mimea mikubwa na bakteria walioko mchangani. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita yanapokuwa yameshiba hewa. Yakifika nyuzi 30, kama yanavyofika kwa urahisi ndani ya nyumba zetu wakati wa kaskazi, hubeba takriban 7.6 tu. Kwa hiyo akiba ni ndogo tangu mwanzo, na watumiaji ni wengi usiku kucha. Saa kumi na moja ya alfajiri ndiyo saa ambayo akiba hiyo imefika chini kabisa, na ndiyo maana unawakuta samaki wako pale juu, ambapo tabaka jembamba la maji linagusana na hewa.

Basi leo hii, kabla ya jua kutua, weka pampu ya hewa na uiache ifanye kazi mpaka asubuhi. Ikiwa huna, punguza maji kiasi cha vidole viwili ili yale yanayotoka kwenye filta yaanguke kwa kishindo na kuutibua uso wa maji, kwani hewa huingia majini kwa kupitia uso huo zaidi kuliko kwa njia nyengine yoyote. Acha kuwalisha kwa siku mbili. Kisha waangalie tena saa tisa mchana, wakati ambapo mwani umetoa oksijeni kwa saa nyingi. Wakiwa wametulia, tatizo lilikuwa pumzi ya usiku. Lakini wakiwa bado wanahema mchana wa jua kali, na matamvua yao yamekuwa mekundu sana, shuku amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu unaooza, na ubadilishe nusu ya maji papo hapo bila ya kusubiri ushauri wangu mwengine wala wa mtu yeyote.

Baada ya hapo, hakikisha kuwa unachokiona ni mwani kweli. Chota maji katika gilasi nyeupe, weka karatasi safi nyuma yake, na uitazame karibu na dirisha. Ukungu wa kijivu au wa rangi ya maziwa ni bakteria, na kwa kawaida hutoweka wenyewe. Vumbi la udongo, gilasi ikikaa usiku mzima bila ya kuguswa, hutua chini na kuacha maji safi juu. Maji yako, kwa namna ulivyoyaeleza, yatabaki na rangi ya kijani kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu rangi hiyo ni viumbe hai vya seli moja moja vinavyoelea. Aina mojawapo inayopatikana sana katika maji ya namna hii ni Chlorella, ambayo seli yake ina upana wa kati ya mikroni 2 na 10, maana yake katika urefu wa milimita moja zinaweza kujipanga seli 100 au zaidi. Sponji ya filta ina matundu mapana mara nyingi kuliko hapo, hivyo seli hizo huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili zikiwa nzima. Usiilaumu filta yako, wala usiende kununua kubwa zaidi kwa ajili ya jambo hili.

Sasa tuje kwenye kazi unayoifanya kila asubuhi. Tuseme katika kijiko cha maji yako mna seli 100, na katika joto letu na mwanga ulioupa tangi, zinaongezeka maradufu kwa siku moja, jambo ambalo si gumu kwao. Ukitoa theluthi ya maji zinabaki 67. Kesho asubuhi zimekuwa 134. Ukitoa theluthi nyengine zinabaki kiasi cha 90, na kesho kutwa zinafika 180. Umetoka jasho, umebeba ndoo, na mwani umezidi. Hata ungebadilisha nusu kila siku ungekuwa umesimama pale pale. Zaidi ya hayo, kila ndoo ya maji mapya huleta madini mapya, kwa hiyo mkono mmoja unapunguza mwani na mkono wa pili unaulisha. Kubadilisha maji kuna nafasi yake katika tiba, na nitaitaja, lakini peke yake si tiba.

Chanzo chenyewe, kwa maoni yangu, umekieleza bila ya kukusudia uliposema kwamba uling'oa mimea ya nyuma wiki moja kabla. Samadi iliyofunikwa na mchanga huoza polepole, na katika kuoza kwake hutoa amonia. Mchanga ukiwa umetulia na mizizi imeenea, amonia hiyo huchukuliwa na mizizi au hugeuzwa na bakteria kabla ya kufika juu. Ulipoing'oa mimea ulipasua kifuniko hicho, samadi ikapanda pamoja na mizizi, na amonia ikaingia majini kwa wingi wakati ule ule ambao mimea yako, ikiwa imekatika mizizi, haikuwa na nguvu ya kuinywa. Mwani haukatiki mizizi, kwa kuwa hauna. Nimewaona watu wengi wakiendesha matangi ya mimea yenye nitrati, ile mbolea inayobaki baada ya bakteria kuigeuza amonia, ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita, kwa makusudi kabisa, na maji yao ni maangavu mwaka mzima. Lakini amonia ikikutana na mwanga mwingi, maji ya kijani hufuata mara nyingi mno kiasi kwamba ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Huenda ukaipima amonia kwa dawa za kupimia na ukakuta hakuna kitu. Matokeo hayo yasikudanganye. Mwani unaifyonza amonia kwa kasi ile ile inayotoka mchangani, hivyo kipimo hakioni chochote wakati chemchemi yake bado imefunguka. Hili ni jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote, kwa sababu tiba nyingi mbaya huua samaki kupitia mlango huu: mtu anaua mwani wote kwa pigo moja, na siku ya pili amonia iliyokuwa ikiliwa na mwani, pamoja na ile inayotoka katika mwani uliokufa na kuoza, inabaki majini bila ya mlaji.

Na amonia hiyo huku kwetu ina ukali wa ziada. Sehemu kubwa ya maji ya visima vya Unguja hupita katika mwamba wa matumbawe, yaani chokaa, na kwa hivyo ni maji magumu ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ndiyo katikati na juu yake uchachu hupungua, huwa juu ya 7. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1; pH ikiwa 8 inafika takriban asilimia 5; pH ikiwa 9 inapita theluthi moja. Mwani wenyewe huipandisha pH mchana kwa kuimaliza hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, na tangi la kijani lililopigwa na jua linaweza kufika 9 alasiri. Kiasi kile kile cha amonia ambacho asubuhi hakina neno kinaweza kuwa sumu saa kumi jioni.

Kwa msingi huo naweza kujibu kuhusu mrututu na shabu. Mrututu ni chumvi ya shaba, na ni kweli kwamba unaua mwani. Lakini kipimo kinachoua mwani na kipimo kinachodhuru samaki havipishani sana, konokono na kamba wadogo hufa mapema zaidi, mimea yenye majani laini huungua, na shaba iliyobaki hujishika kwenye udongo wa chini na kukaa humo kwa muda mrefu. Ugumu wa maji yetu hupunguza ukali wake kidogo, na ndio maana mtu anaweza kukwambia kwamba yeye alitia na hakupata hasara. Halafu kuna lile pigo la pili nililolitaja, la amonia kurudi. Naomba sana usiutie, hata kwa kipimo cha punje.

Shauri la mama mkwe lina asili njema, nami naliheshimu, kwani shabu hukusanya chembe ndogo zikawa mabonge yanayozama, na bibi zetu wameitumia katika mitungi kwa faida. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi ya kufanana na hiyo. Tofauti ni kwamba katika mtungi unayachota maji maangavu ya juu na kuyamwaga machicha ya chini, ilhali katika tangi machicha hayo yanatua juu ya majani na katikati ya mimea, yanaoza, na chakula chote kinarudi majini. Shabu pia huishusha pH na kula ule uzito wa chokaa unaoituliza, na mlonge huongeza vitu vya kuoza. Katika pipa tupu la kutilia maji mapya, ukaacha yatulie na kuchota ya juu, shabu kidogo si mbaya. Ndani ya tangi lenye samaki, hapana.

Tiba ninayokushauri ni kiza, nayo haina gharama ila inataka utaratibu. Usiianze leo. Kwanza wape samaki siku mbili za pampu ya hewa bila ya chakula, kama nilivyosema. Siku ya tatu, jioni, punguza majani yaliyooza kwa mkasi, bila ya kung'oa chochote. Nyonya kwa mpira uchafu uliolala juu ya mchanga, ukiushika mdomo wa mpira juu kidogo ili usiufukue. Toa nusu ya maji na utie mapya yaliyokaa. Kisha suuza sponji ya filta ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kwa kuikamua mara mbili tatu basi. Usiisafishe kwa maji yenye klorini, kwani utaua bakteria wanaogeuza amonia, na siku nne zijazo utawahitaji kuliko wakati mwengine wowote.

Hapo zima taa na ulifunike tangi pande zote, pamoja na juu. Kanga moja haitoshi, hata doti nzima, kwa sababu mwanga wa mchana unapenya na mwani unahitaji kidogo tu ili uendelee kuishi. Tumia blanketi zito au nailoni nyeusi iliyokunjwa mara mbili, uifunge kwa utepe kwenye kona, na juu uache mwanya mwembamba uliofunikwa kwa kivuli ili hewa ipite na joto lisijifungie humo. Pampu ya hewa ifanye kazi mchana na usiku bila ya kusita. Kwa siku nne kamili usifunue kuchungulia na usilishe. Gapi wazima wenye afya huvumilia siku nne bila ya shida. Vitoto vyao vya siku chache havivumilii, na ukiwa navyo vihamishie katika beseni lenye maji hayo hayo ya kijani, ambayo kwao ni mazingira mazuri kwa sababu yamejaa vijidudu vidogo vya kula.

Hapa nakumbusha jambo la umeme. Mtu aliyefuga samaki hapa Unguja katika kile kiza cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, haambiwi kuhusu thamani ya pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Tangi lililofunikwa halina mwanga, kwa hivyo hakuna mmea unaotoa oksijeni humo, na mwani unaokufa unaoza na kuitumia ile iliyopo. Umeme ukikatika kwa saa tatu ndani ya siku hizo nne na huna betri, funua, uyatibue maji kwa kikombe, kwa kuchota na kuyamimina kutoka juu, na kazi ya kiza utaianza upya baadaye. Samaki wana haki kabla ya maji.

Siku ya tano tangu ulipolifunika, asubuhi, funua. Maji yanaweza kuwa maangavu, au yakawa na ukungu wa kijivu wa mwani uliokufa. Yote mawili ni habari njema. Siku hiyo hiyo badilisha nusu ya maji, nyonya masalia yaliyotua, suuza tena sponji kwa namna ile ile, na ukiweza weka kwenye filta bonge la pamba ya kutengenezea mito, ile ya plastiki isiyotiwa rangi wala manukato, kwa muda wa siku mbili tatu, kwa kuwa mwani uliokufa hugandana na pamba hiyo huweza kuushika. Pima amonia siku hiyo na siku mbili zinazofuata. Ikionekana, badilisha robo ya maji kila siku mpaka itoweke. Baadhi ya majani ya chini ya mimea yako yatakuwa yamepata manjano na kudondoka. Yatoe, na usisikitike, shina likiwa gumu litachipua. Ikiwa bado unaona rangi ya kijani hafifu, lipe tangi wiki nzima la kupumzika kisha urudie siku tatu za kiza.

Ipo njia nyengine, ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo maji hupitishwa polepole ndani ya kasha lake na seli za mwani huharibiwa na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Kwa lita 120 taa ya wati 5 hadi 9 inatosha, nayo ni njia tulivu zaidi kwa samaki, kwa sababu mwani hufa kidogo kidogo na amonia hairudi kwa kishindo. Ukiwa na ndugu anayekwenda Dar es Salaam na fedha zipo, mwagize. Ila ujue mambo matatu: mtiririko wa haraka huondoa faida yake, balbu yake hupoteza nguvu baada ya takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo hata kama bado unaiona inang'ara, na mwanga huo usitazamwe hata kwa sekunde, kwani huunguza macho. Tena haitibu chanzo. Ukiizima ilhali amonia bado inatoka mchangani na jua bado linapiga, mwani utarudi.

Wengine watakwambia utie viroboto maji, wale wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye madimbwi baada ya masika. Ni kweli wanaula mwani huu kwa pupa, na ukiwaweka ndani ya kikapu cha wavu mwembamba ili gapi wasiwale kwanza, wanaweza kuyasafisha maji yako kwa siku chache. Ninachokiogopa ni namna ya kuwapata. Madimbwi na vijito vya Unguja na Pemba ndiko kunakopatikana kichocho, na mnyororo wake hupitia konokono wadogo wa maji. Usiingie dimbwini kwa miguu mitupu kuwatafuta, wala usitume watoto. Hali kadhalika mimea ya majini iliyookotwa: iweke katika ndoo ya peke yake kwa siku kadhaa, ikague jani kwa jani, na uondoe kila konokono na kila ute wa mayai, kwani konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa vimelea ndani ya maji unayotia mikono yako kila siku.

Nirudi kwenye mambo yatakayoamua kama kazi hii itadumu. La kwanza ni mwanga. Hapa tulipo, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, na tofauti baina ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja. Hatuna majira ya baridi ya kuupumzisha mwani. Dirisha lako la mashariki linalipa tangi jua la moja kwa moja pengine tangu saa moja hadi saa nne asubuhi, na juu yake unaongeza taa mpaka usiku. Ni mwanga mwingi kupita haja ya mimea yoyote. Usijaribu kulisogeza tangi likiwa na maji, kwani lita 120 peke yake ni kilo 120, na gundi ya kona huachia. Badala yake funika kioo cha nyuma kwa ubao au karatasi nene nyeusi, na dirishani weka pazia zito ambalo litabaki limefungwa mpaka jua lipande juu ya paa. Taa iwake saa sita tu, na saa zinazofaa ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, wakati mko nyumbani na mnaweza kulifurahia. Baada ya mwezi wa maji safi, ongeza nusu saa kwa wiki ukitaka, bila ya kuzidi saa nane.

La pili ni mchanga. Ongeza tabaka la sentimita mbili au tatu pale ulipong'oa, polepole, ukimimina kwa kikombe kilichowekwa chini kabisa. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi, na si ule mweupe wa pwani, ambao ni vumbi la matumbawe na huongeza chokaa. Ukibonyeza mchanga kwa kijiti ukaona mapovu yenye harufu ya yai bovu, umeweka tabaka nene kupita kiasi au samadi ni nyingi. Bonyeza sehemu chache kila wiki ili yatoke kidogo kidogo, wala usifukue. Na tangu sasa mmea ukikua mno, ukate kwa mkasi na uache mizizi yake ardhini. Ungeniuliza kabla ya kuanza, ningekushauri usitumie samadi mbichi kabisa. Udongo wa bustani uliooza vizuri ungetosha.

La tatu ni maji ya kisima. Katika mitaa yenye makaro karibu karibu, maji ya chini ya ardhi hubeba nitrati, kwa sababu yanayotoka chooni hupenya mwamba wa chokaa wenye nyufa kwa urahisi. Pima maji ya ndoo kabla hayajaingia tangini. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na maji yenye 40 yanayokubalika kwa kunywa bado ni karamu kwa mwani. Ukikuta ni mengi, kinga maji ya mvua yatokayo kwenye bati, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, na uyachanganye nusu kwa nusu na ya kisima. Ya mvua peke yake hayana madini yanayohitajiwa na gapi, ambao hupenda maji magumu kidogo. Na ikiwa kisima kimetiwa klorini, kama inavyofanyika wakati wa tahadhari ya kipindupindu, acha ndoo wazi kwa siku nzima, pampu ya hewa ikitibua, kabla ya kutumia.

La nne ni washindani. Mimea inayokua polepole haiwezi kuupokonya mwani chakula. Inayokua haraka inaweza. Tafuta Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi unaoelea na wenye majani membamba magumu, nao huvuta amonia moja kwa moja kutoka majini. Tawi la ule mmea wa kutambaa wa barazani wenye majani ya umbo la moyo, ambao watu wengi wanao kwenye chupa, nalo linafaa sana: mizizi iwe majini na majani yabaki nje. Utakapoipunguza mimea hii, itupe nchi kavu ikauke. Wala usimwage gapi wala mimea ya tangi katika madimbwi ya shamba. Unguja ina samaki wake mdogo wa madimbwi ya mvua, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kitaalamu na Georg Pfeffer mwaka 1893 na ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Maisha yake yote humalizika kabla dimbwi halijakauka na mayai yake husubiri mvua ndani ya tope. Hahitaji wageni wa kugombania nao chakula.

Chakula cha samaki kipunguze kuwa mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika moja, na siku moja katika wiki usiwape kabisa. Hili sina haja ya kulirefusha.

Kuhusu kuongeza samaki, subiri mpaka yatimie yote haya kwa pamoja: maji yamebaki maangavu kwa wiki nne ukiwa umewasha taa kila siku, kipimo cha amonia hakionyeshi kitu bila ya mwani wa kukificha, na alfajiri unawakuta samaki wako wametawanyika chini na katikati ya tangi. Hapo ongeza wawili au watatu tu, usubiri wiki mbili, upime tena. Na kwa kuwa gapi huzaa kila baada ya mwezi hivi, huenda ukakuta kwamba tangi lako limeshajiongezea wenyewe, na swali lako lijalo litakuwa ni nani wa kumgawia.